Kujenga modeli ya stesheni ya treni ya juu, eneo la chuo kikuu: mwongozo kamili, skeli 1:100

Kila msimu wa maonyesho ya shule na vyuo hapa Tabora zinaletwa modeli za stesheni ya juu, na nyingi zinafia mahali palepale. Daraja linapinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Ngazi zimesimama wima kama za kupandia mwembe. Kisha mtu wa modeli anamzidi urefu mlango wa behewa. Kadibodi haina kosa hapo. Vipimo havikupangwa kabla kisu hakijagusa boksi.

Mwongozo huu unajenga stesheni moja: njia mbili za reli juu ya barabara, jukwaa la abiria kila upande, ukumbi wa tiketi chini ya reli, na daraja la miguu la kwenda geti la chuo. Stesheni za namna hii zipo kweli. Stesheni ya Universiti, jijini Kuala Lumpur, inahudumia Chuo Kikuu cha Malaya, na Loyola ya Chicago inahudumia chuo chenye jina hilohilo. Kwetu, wa kutazamwa ni SGR inavyotoka stesheni ya Dar es Salaam ikiwa juu ya daraja refu. Tafuta picha zake kabla ya kuanza, uangalie hasa nguzo na boriti.

## Vifaa

Vya kununua au kuokota:

- Plaiwudi ya mm 12, sm 122 kwa 61. Hiyo ni robo ya shiti ya futi nne kwa nane, seremala atakukatia. Omba na kipande kidogo cha ziada kwa ajili ya vichwa vya nguzo, yaani vibao vinavyolala juu ya nguzo kubeba boriti.
- Bomba la kupitishia nyaya za umeme, mm 20, urefu wa sm 60, pamoja na viungio vyake viwili.
- Boksi safi lenye unene wa mm 3, jumla ya mita moja ya mraba. Boksi moja la friji linatosha na kubaki.
- Manila 4: nyeupe 2, kijivu 2.
- Spoku 18 za baiskeli ya inchi 28. Zitakazotumika ni 16.
- Pakiti moja ya vijiti vya mishikaki na moja ya njiti za meno.
- Gundi nyeupe ya mbao, nusu kilo. Supa gluu, tyubu 2.
- Plastiki angavu ya kufunikia ripoti, karatasi 3, kwa ajili ya vioo.

Vya kufanyia kazi: kisu cha karatasi chenye nyembe za kubadilisha, rula ya chuma ya sm 30, skwea, penseli ngumu iliyochongwa, koleo la kukatia waya, msasa, uzi, na drili yenye keekee ya mm 20. Kama huna drili, seremala akukatie plaiwudi na kuitoboa safari hiyohiyo, ila mpelekee alama umeshazipiga wewe mwenyewe.

Boksi lililobeba mafuta ya kula liache. Mafuta hunywewa na karatasi bila kuonekana, kisha gundi inashika siku mbili na ya tatu inaachia. Kwa Kigoma ongeza hapo maboksi yaliyokaa karibu na mawese. Kwa Tabora, yaliyofungia ndoo za asali. Harufu itakuambia.

## Hatua ya 1: Andika vipimo vyote kwenye karatasi moja

Kwenye skeli 1:100, mita moja ni sentimita moja. Tumeichagua kwa sababu haihitaji kikokotoo, na kwa sababu milimita moja ni sm 10 za kweli, kitu cha kukumbuka kila unapokata.

Urefu kutoka usawa wa barabara:

- Chini ya sakafu ya ukumbi: sm 5.5 (lori lipite)
- Juu ya sakafu ya ukumbi: sm 6.5
- Chini ya boriti za reli: sm 10
- Juu ya boriti: sm 12
- Juu ya reli: sm 12.5
- Juu ya jukwaa: sm 13.6

Tofauti ya jukwaa na reli ni sm 1.1, yaani mita 1.1. Ndipo ilipo sakafu ya behewa kwenye treni nyingi za mjini, na ndiyo maana abiria anaingia bila kupanda kidaraja. Ukiiga jukwaa fupi la stesheni za zamani, umeshajenga stesheni nyingine.

Upana, ukianzia mstari wa katikati ya stesheni kwenda upande mmoja: katikati ya njia ya treni ipo sm 2, ukingo wa ndani wa jukwaa sm 3.5, ukingo wa nje sm 8.5. Upande wa pili ni vilevile. Jumla sm 17.

Angalizo la reli. Njia ya zamani inayopita Tabora kwenda Kigoma ina upana wa mm 1,000. SGR ina mm 1,435. Wapo wanaokwenda kupima stesheni iliyopo mjini, wakarudi na modeli ya reli nyembamba waliyoibandika jina la SGR. Kwenye skeli yetu SGR ni mm 14.35, na kipimo hicho ni kati ya nyuso za ndani za reli mbili.

## Hatua ya 2: Msingi na nguzo

Piga mstari katikati ya plaiwudi kwa urefu. Juu ya mstari huo weka alama tano: sm 3, 32, 61, 90 na 119. Nafasi kati ya nguzo ni sm 29, sawa na mita 29, kipimo cha kawaida kabisa kwa madaraja ya reli za mjini. Urefu huo pia ndio unaobaki kwenye spoku ukishaikata kichwa na uzi wa nati. Hautofautiani sana, na hiyo ni bahati ya kuitumia.

Toboa matundu ya mm 20 mpaka upande wa pili. Kata vipande vitano vya bomba, kila kimoja sm 10 kamili, usawazishe midomo kwa msasa.

Hapa usiongeze wala kupunguza. Bomba likizama kwenye plaiwudi ya mm 12, kinachobaki juu ni sm 8.8. Kichwa cha plaiwudi hiyohiyo kinaongeza sm 1.2. Jumla sm 10.

Vichwa: vitatu vya katikati viwe sm 17 kwa 3, viwili vya mwisho sm 9 kwa 3. Usivigundishe bado. Sakafu ya ukumbi itapita juu ya nguzo kwanza. Ukigundisha vichwa leo, kesho utavibandua kwa nyundo.

Viweke bila gundi, kisha vuta uzi kutoka kichwa cha kwanza hadi cha tano. Uzi uguse vyote. Kinachobaki chini, kiinulie kwa vipande vya manila chini ya bomba.

## Hatua ya 3: Sakafu ya ukumbi

Kata vipande vitatu vya boksi, sm 17 kwa 62. Vigundishe vikiwa vimepishana: mifereji ya ndani ya boksi la kwanza iende kwa urefu, ya pili kwa upana, ya tatu kwa urefu. Gundi ipakwe nyembamba kwa kipande cha kadi. Gundi nyingi inalowesha karatasi, karatasi inavimba upande mmoja, sakafu inakunjamana kama chapati. Iweke kati ya mbao mbili, juu yake mzigo wa kilo 5, kwa saa 24. Masika yakiwa yamekolea, na hasa Kigoma karibu na ziwa, ipe siku mbili. Ukimaliza pakua na funika juu na chini kwa manila ili unene ufike sm 1.

Toboa matundu matatu kwa ajili ya nguzo za katikati. Kata viungio vya bomba katikati upate pete, uondoe ukingo wa ndani, kisha vaa pete moja kwa kila nguzo kati ya hizo tatu, uso wake wa juu ukiwa sm 5.5 kutoka chini. Sakafu itakaa juu ya pete. Kingo zake zishikwe na vijiti vya mishikaki vya sm 5.5, vitano kila upande, vimesimama sm 8 kutoka mstari wa katikati na kuachana sm 14.5.

Sasa gundisha vichwa vya nguzo.

## Hatua ya 4: Boriti, mahali modeli nyingi zinapovunjika

Boksi bapa likilazwa juu ya nguzo mbili litapinda hata kama ni nene. Ugumu wa boriti hautokani na wingi wa kadibodi bali na kina chake: ukiongeza kina mara mbili, ukakamavu unaongezeka kama mara nane. Kwa hiyo tunajenga sanduku refu lenye uwazi ndani, kama mafundi wa madaraja wanavyofanya kwa zege.

Kwa kila nafasi ya sm 29 kata:

- uso wa juu: sm 9 kwa 29
- uso wa chini: sm 5 kwa 29
- kuta mbili: sm 1.4 kwa 29
- vizuizi vya ndani saba: sm 4.4 kwa 1.4

Fanya hivyo mara nne.

Sasa lile jambo ambalo watu huliruka. Shika kipande cha boksi, kikunje kidogo kwa upande mmoja, halafu kwa upande wa pili. Utaona kinakubali kirahisi pale mkunjo unapofuata mifereji ya ndani, na kinakataa pale unapoikata. Boriti inataka ukataaji huo. Mifereji ya uso wa juu, uso wa chini na kuta, yote ielekee kwenye urefu wa daraja, kutoka nguzo hadi nguzo. Ukiilaza kwa upana utakuwa umetengeneza bawaba, na boriti itakatika katikati siku ya maonyesho, wakati mwenzako anaelezea.

Gundisha kuta kwenye uso wa chini, ukitumia skwea. Weka vizuizi: kimoja kila mwisho, vitano vingine kwa kuachana karibu sm 4.8. Kazi yake ni kuzuia sanduku lisijisokote na kuwa msambamba. Funga uso wa juu. Utazidi sm 2 kila upande, na ndivyo inavyotakiwa.

Jaribio: boriti ikishakauka, iweke juu ya vitabu viwili vilivyoachana sm 28, uilaze pakiti ya sukari ya kilo moja katikati. Ikishuka zaidi ya mm 2, angalia kwanza mwelekeo wa mifereji, kisha gundi ya kuta. Usijaribu kuitibu kwa kuongeza manila juu. Jenga nyingine, ni kazi ya saa moja.

Boriti zote nne zikifaulu, zigundishe juu ya vichwa. Kila kichwa cha ndani kinabeba miisho ya boriti mbili, sm 1.5 kwa kila moja.

## Hatua ya 5: Reli

Kata tepe nne za boksi, sm 2.5 kwa 58, mifereji kwa urefu. Mbili mbili zikiunganishwa kwa urefu zinakuwa kitanda cha njia moja. Zilaze katikati yake ikiwa sm 2 kutoka mstari wa katikati. Chora mataruma (yale magogo yanayolala chini ya reli) kwa penseli kila mm 6. Kuyakata moja moja ni kujitesa bila faida.

Spoku ina unene wa mm 2, na reli ya kweli haipitani sana na kimo hicho kwenye skeli yetu. Kata vichwa na uzi. Usitumie waya wa kufungia nondo: umelainishwa, haunyooki hata uupige nyundo mchana kutwa, na treni itaonekana inapita kwenye mawimbi.

Ukipima kutoka katikati ya spoku hadi katikati ya spoku, lenga mm 16.4. Tengeneza kipimo cha manila ngumu chenye upana wa mm 14.4, ukipitishe ndani ya reli unaposhika kwa supa gluu, tone moja kila sm 4. Anza reli ya kila njia kwa nusu spoku, ili viungo vya reli visikutane na viungo vya boriti. Vikikutana, kila tetemeko dogo la meza litafungua vyote viwili.

## Hatua ya 6: Majukwaa

Kila jukwaa lina urefu wa sm 58, linalala juu ya nafasi mbili za katikati. Kata uso wa juu sm 5 kwa 58, ukuta wa nje sm 3.3, ukuta wa ndani sm 1.3. Ukuta wa nje unasimama juu ya vichwa vya nguzo, wa ndani unasimama juu ya boriti. Vyote vinafikia usawa mmoja.

Kabla ya kufunga uso wa juu, kata tundu la ngazi: sm 2 kwa 7, likianzia sm 6.2 kutoka mstari wa katikati, na likiwa kati ya vichwa viwili, si juu ya kichwa. Kata pia tundu la lifti, sm 2 kwa 2. Linasahaulika sana, na mtu wa kiti cha magurudumu au mwanafunzi mwenye sanduku la bati wa mwanzo wa muhula hana njia nyingine ya kufika juu.

Behewa letu lina upana wa sm 2.8. Kati yake na jukwaa kunabaki mm 1. Kata kibao cha boksi chenye upana wa sm 3, kipitishe juu ya reli kikiwa katikati ya njia; kisikwaruze ukingo wa jukwaa popote wala kisiache mwanya unaoonekana. Mwanya wa mm 3 ni sm 30 za kweli, mguu wa mtoto unaingia wote.

Bandika tepe ya njano ya mm 5 kwenye ukingo wote wa jukwaa.

## Hatua ya 7: Ngazi

Kosa lake ni la hesabu. Mtu anaacha sm 5, anachomeka kipande cha manila kilichokunjwa, anaita ngazi.

Hesabu ya kweli: kutoka barabarani hadi ukumbini ni mita 6.5. Kipandio cha sm 16 kinatoa vipandio 41. Vigawe katika vipande vitatu vyenye mapumziko mawili ya mita 1.5, na kila kikanyagio kiwe sm 30. Vikanyagio ni 38, maana mwisho wa kila kipande sakafu yenyewe inakuwa kikanyagio. Mita 11.4, jumlisha 3 za mapumziko: mita 14.4. Kwenye modeli ngazi yako inakula sm 14.4 za ardhi.

Kutoka ukumbini hadi jukwaani ni mita 7.1: vipandio 45, vikanyagio 42, jumla sm 15.6. Ngazi hiyo inaingia vizuri kati ya nguzo mbili, mradi umeipanga hapo tangu mwanzo.

Kuzijenga: kata tepe ya manila ya upana wa sm 2 (ya barabarani sm 3), chora mistari kila mm 3.4, pitisha upande butu wa kisu juu ya kila mstari bila kukata. Kwa mita moja ya jicho, mistari hiyo inasomeka kama vipandio. Tengeneza mbavu mbili za boksi zenye umbo la mteremko na mapumziko, ulaze tepe juu yake.

Ukifaulu, ngazi itaonekana imelala kuliko ulivyotarajia. Usiisimamishe.

## Hatua ya 8: Ukumbi wa tiketi

Mtu anaingia, ananunua au anagusisha kadi, anapita geti, ndipo anafika ngazi ya jukwaani. Modeli nyingi zinaweka ngazi kabla ya geti, na hapo kila mtu anapanda bure.

Piga mageti kuvuka ukumbi kwa vipande vya njiti za meno vya mm 10, njia zikiwa na upana wa mm 6, na moja ya mm 9 kwa kiti cha magurudumu. Idadi yake itokane na hesabu. Ukikadiria geti moja linapitisha watu 30 kwa dakika, na treni ya mabehewa matatu inashusha wanafunzi 360 wakati wa vipindi vya asubuhi, mageti sita yanamaliza foleni kwa dakika mbili. Matatu yanachukua nne, na huenda treni ya pili imeshafika. Hesabu hiyo iandike ubaoni pembeni ya modeli. Majaji hupenda kuiuliza.

Daraja la miguu la kwenda geti la chuo: upana sm 3, litoke ndani ya ukumbi upande wa nje wa mageti, livuke barabara bila kushuka. Chini yake, upande wa chuo, acha sm 8 za kuegesha bodaboda na bajaji. Usipoziachia nafasi, mjini zingejipa wenyewe mbele ya ngazi.

## Hatua ya 9: Paa, treni na watu

Nguzo za paa ni vijiti vya sm 4, 11 kwa kila jukwaa, kila sm 5.8. Paa la manila liwe na upana wa sm 5.5, lizidi nusu sentimita upande wa treni ili mvua isimnyeshee anayepanda. Usiligundishe, lichomekwe tu, liweze kuinuliwa watu waone ndani.

Mabehewa matatu, kila moja sm 18.5 kwa 2.8, juu yake iwe sm 3.7 kutoka reli. Yaachane nusu sentimita. Milango ya mm 21.

Umeme, amua mapema. SGR yetu inachukua umeme wa kV 25 kutoka waya wa juu, hivyo unahitaji milingoti. Treni za juu za Chicago zinachukua kutoka reli ya tatu iliyo pembeni, hazina waya. Kwa modeli, reli ya tatu ni rahisi zaidi, ila usichanganye vyote viwili.

Mtu ni mm 17: njiti ya meno iliyokatwa inatosha. Vizuizi vya pembeni mm 11. Bajaji mm 26. Mwembe uliokomaa unafika sm 10, karibu na tumbo la boriti. Vigari vya chuma vya kuchezea viache nyumbani. Kimoja kina kama sm 7, kwenye barabara yako ni gari la mita saba.

## Hatua ya 10: Rangi na usafiri

Rangi ya maji ipakwe nyepesi, pande zote mbili za kila uso unaofikika. Upande mmoja ukipakwa peke yake, unavutwa ukikauka na boriti inajiinua.

Modeli ina sm 122, haiingii kwenye bajaji ikiwa imelala. Pima mlango wa chumba ulichojengea na wa gari kabla ya siku yenyewe. Ondoa paa na treni, vifungie kwenye boksi lao, na mbebe watu wawili mkishika plaiwudi, si nguzo. Beba supa gluu, spoku mbili zilizobaki na njiti chache mfukoni.